Jina Kwenye Mtutu

Babu Kikoti hakujua kusoma, ila herufi alizijua kwa umbo,
kama mtu anavyowajua ng'ombe wa jirani.
Kwenye mtutu wa bunduki aliyoachiwa na Mgiriki wa tumbaku
badala ya mshahara wa miezi saba
palichongwa neno, refu, limeng'atwa na kutu:
ESCOPETA.
Akampelekea katekista wa Dabaga, akasomewa.
Akarudi akilitafuna njia nzima,
e-sko-pe-ta, e-sko-pe-ta,
hadi mlangoni, akasema: hili ni jina la mwanamke.
Fundi gani angechonga kwa subira namna hii
jina la kitu?

Mwaka ule nguruwe pori walimaliza mahindi bondeni,
na bibi akajifungua mtoto wa sita,
wa kike, kama watano waliomtangulia.
Wanywa ulanzi walishaandaa pole zao.
Babu akafyatua moja hewani, ukungu ukatoboka,
akasema: huyu ndiye mwenyewe.

Sisi tulimwita Shangazi Peta.
Lilikuwa jepesi mdomoni, tena lilimkaa,
maana kijijini hakuna aliyepeta maharage kama yeye.
Ungo ukipanda,
pumba zilijiondokea zenyewe, kwa aibu.

Bunduki tuliisalimisha mwaka wa msamaha.
Askari akaandika daftarini: shotigani, moja, mbovu.
Shangazi akasimama pale kaunta, hatoki,
kama anayeona pacha wake akizikwa bila msalaba.

Halafu Juni hii, na baridi ile ya Kilolo
inayomfanya mtu azungumze na kikombe chake,
nikampeleka hospitali ya misheni.
Daktari Nuria, mgeni kutoka Uhispania, akashika kadi, akaita.
Akanyamaza. Akaita tena, polepole,
kila herufi ikiketi mahali ambapo kwetu haijawahi kuketi.
"Nani alikupa jina hili?"
"Baba. Ni la mke wa fundi."
Daktari akacheka, akajuta kucheka, akavuta kiti.

Akatueleza kwa Kiswahili chake cha miaka miwili.
Si bastola, alisema; hiyo hata ninyi mnayo,
ilitoka huko kwetu au kwa majirani zetu,
ikadondosha p njiani, ikaokota b.
Wala si bunduki ya askari, yenye risasi moja na nia moja.
Hii ni ya mkulima. Inamwaga marisau.
Babu yake aliitundika nyuma ya mlango,
ya kwale, ya sungura, ya kutishia wachumba.
Na habari inayokujia ghafla, bila hodi,
ile inayokukuta bado umeshika kijiko,
nayo tunaipa jina kutoka humo humo,
tunasema mtu amepigwa...

Hapo akakata.
Mkononi alikuwa na bahasha ya majibu.

Bomba la sinki lilidondosha tone, likasubiri, likadondosha.
Shangazi akavua kilemba, akakikunja mapajani,
mara mbili, mara nne, kikawa kidogo kama sabuni.
"Basi fyatua, mwanangu," akasema.
"Mwenye jina ni mimi."

Yaliyokuwa ndani ya bahasha siyaandiki.
Tulishuka njia panda, akanunua chumvi,
akagombana na muuzaji kwa ajili ya shilingi mia,
akashinda.

Asubuhi nikamkuta uani, mgongo kwangu, ungo mkononi,
maharage yakipanda na kushuka kama mvua isiyoamua.
"Sasa najua," akasema bila kugeuka,
"kwa nini sikuwahi kulenga kitu kimoja."

Pumba zikaelekea bondeni, kwa nguruwe.
Punje moja iliruka ikaangukia karibu na kiatu changu.
Akainama, taratibu kuliko zamani,
akaiokota, akaipuliza,
akairudisha.